Kuhesabu si Kubashiri: Alama za Muhula na Mtihani wa Fasihi

Kuna rai inayozidi kupata wafuasi katika vyuo vikuu vyetu, nayo ni kwamba alama za kazi za muhula zatosha kumjulisha mhadhiri, kabla ya mtihani wa mwisho, nani atafuzu na nani ataanguka. Wenye rai hii hukusanya alama za majaribio na insha, huzilinganisha na za mtihani, hupata uhusiano wa kitakwimu, kisha huutangaza kuwa ni elimu ya kubashiri. Makala hii inaipinga rai hiyo. Hatusemi kwamba uhusiano huo haupo. Tunasema kwamba katika idara ya fasihi, kadiri uhusiano huo unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyotushtaki sisi watahini.

Tuanze na hesabu yenyewe. Utaratibu uliozoeleka nchini Kenya ni kwamba kazi za muhula huchukua alama 30 na mtihani 70. Kufaulu huanzia 40 na daraja la kwanza 70. Aliyepata 24 katika kazi za muhula anahitaji 16 tu katika mtihani ili afaulu. Mwenzake aliyepata 9 anahitaji 31. Basi anayeibashiri alama ya jumla kwa kutumia alama za muhula anaibashiri jumla kwa sehemu yake yenyewe. Hapo hapana ubashiri wowote, pana kujumlisha tu.

Watetezi waangalifu watajibu kuwa wao huzilinganisha 30 na zile 70 peke yake. Na iwe hivyo. Lakini ni nani aliyefundisha, akatunga maswali, akasahihisha vyote viwili? Aghalabu ni mhadhiri yuleyule. Ijapokuwa daftari la mtihani hubeba nambari ya usajili badala ya jina, katika darasa dogo la tahakiki ya ushairi mwandiko na mtindo humtambulisha mwandishi wake. Yamkini kinachojirudia kutoka insha hadi mtihani si uwezo wa mwanafunzi bali ni mazoea ya msahihishaji. Mhakiki anayekiona katika matini kile alichokwisha kukiamini humkemea mwenzake kwa kosa hilo. Kwa nini tulisamehe katika takwimu?

Isitoshe, vitu vinavyolinganishwa havifanani. Insha ya muhula humpa mwanafunzi majuma kadhaa ya kukaa na diwani, kuirudia, kushindana nayo. Mtihani humpa saa chache, mara nyingi bila kitabu. Ya kwanza hupima subira ya usomaji. Wa pili hupima kumbukumbu na wepesi wa kupanga hoja. Iwapo vipimo hivi viwili huwapanga wanafunzi wote kwa mfuatano uleule kila mwaka, basi kimojawapo hakina kazi. Tena tujiulize alama ya insha ni ya nani. Biashara ya kuandikiwa insha kwa malipo ni kongwe nchini, na tangu mwishoni mwa 2022 programu za akili mnemba zimeifanya kuwa rahisi mno.

Alama pia hubeba hali ya wakati wake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilizikumba Njoro, Molo na Kuresoi. Familia zilihama, nyumba zikateketea. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa Januari hadi Machi 2017 ulidumu siku 54, na muhula ukabanwa. Jaribio lililofanywa katika nyakati kama hizo limerekodi msimu kuliko akili ya aliyelifanya. Kanuni ya kitakwimu haiulizi mwanafunzi alilala wapi usiku wa kuamkia jaribio.

Madhara ya kubashiri yamekwisha kuonekana kwingineko. Agosti 2020, baada ya mitihani kufutwa kwa sababu ya Korona, wasimamizi wa mitihani wa Uingereza walitumia kanuni iliyozingatia matokeo ya miaka iliyopita ya kila shule. Karibu asilimia 40 ya madaraja ya kidato cha juu yalishushwa chini ya makadirio ya walimu. Kwa kilio cha umma, kanuni ikaachwa tarehe 17 mwezi huohuo. Kenya ilisubiri: watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka huo waliandika mtihani wao Machi na Aprili 2021. Kusubiri kulikuwa na gharama, lakini kila mtahiniwa alijibu kwa mkono wake.

Tusieleweke vibaya kwamba tunazidharau kazi za muhula. Tanzania, kwa kufuata Azimio la Musoma la 1974, ilizipa kazi za mwanafunzi uzito katika matokeo yake. Na tathmini ya darasa la sita nchini Kenya, iliyoanza 2022, hutoa asilimia 60 kwa kazi za shuleni. Huko ni kuhesabu, nasi twakuunga mkono. Kuhesabu humpa mwanafunzi haki ya kazi aliyokwisha kuifanya. Kubashiri humnyang'anya haki ya kazi ambayo bado hajaifanya.

Hoja moja ya wapinzani wetu ina uzito: tahadhari ya mapema yaweza kumwokoa anayezama. Kweli. Lakini tahadhari ya namna hiyo hufaulu pale inapokosa kutimia, ilhali wao huupima ubashiri wao kwa kutimia kwake. Katika Kufikirika ya Shaaban Robert, utabiri juu ya ugonjwa wa mwana wa mfalme ulidai kafara ya mjinga na mwerevu, na mwerevu aliyekamatwa alikuwa mwalimu wa zamani wa mtoto huyo. Utabiri usiohojiwa hudai kafara, na katika idara zetu kafara ni mwanafunzi ambaye mhadhiri ameacha kumwita ofisini kwa kuwa orodha imekwisha kumhukumu.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Insha irudishwe mapema, ikiwa na maoni yaliyoandikwa, si tarakimu tupu. Mtihani usahihishwe na asiyezisahihisha insha. Na mwanafunzi yeyote asinyimwe msimamizi wa tasnifu kwa sababu ya alama za nusu muhula. Idara itakayoyatimiza haya huenda ikaona uhusiano wake wa kitakwimu ukipungua. Na upungue: itakuwa ni dalili kwamba baina ya insha na mtihani kuna mtu aliyefundishwa.