Maziwa Hukua Pamoja na Mtoto

Mfugaji wa Rugaaga, wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, hahitaji kufundishwa thamani ya dang'a. Ng'ombe wake wa pembe ndefu akizaa usiku, huamka kutazama kama ndama amesimama na kushika chuchu. Ndama huzaliwa karibu hana kinga yo yote katika damu yake. Kinga huipata katika maziwa yale mazito ya manjano, tena sharti ayanywe katika saa za mwanzo, kwa maana siku moja ikipita utumbo wake hauwezi tena kuipitisha kinga hiyo damuni.

Ajabu ni kwamba katika boma hilo hilo, mama akijifungua, huenda dang'a yake ikakamuliwa na kumwagwa. Bibi wa mtoto huyatazama maziwa yale akasema kuwa yamelala, hayafai. Mtoto akapewa maji ya sukari, au maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, hata "maziwa yenyewe" yatoke. Desturi hii si ya mahali pamoja tu. Katika makazi ya Nakivale yaliyo jirani, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 yamepokea wakimbizi wa Rwanda, na baadaye wa Kongo, Burundi na Somalia, kila jamaa ilifika na mila zake za kumtunza mzazi. Bibi hana nia mbaya. Lililomfichamania ni kwamba maziwa ya mama si kitu kimoja siku zote.

Mnyama anayelionyesha jambo hili waziwazi ni kangaruu wa Australia. Mtoto wake huzaliwa akiwa hajatimia gramu moja, mdogo kama punje ya haragwe, kisha hukaa katika mfuko wa mama yake zaidi ya miezi saba. Maziwa ya kwanza huwa mepesi, yenye sukari nyingi na mafuta kidogo. Mtoto akikua, mafuta huongezeka. Tena kangaruu mwenye watoto wawili, mmoja mchanga mfukoni na mwingine ambaye amekwisha kutoka, huwanyonyesha kwa wakati mmoja maziwa ya namna mbili, kila chuchu na yake! Wataalamu wa Australia waliwahi kuvihamisha vitoto vya walabi, jamaa mdogo wa kangaruu, kwa mama ambao maziwa yao yalikuwa ya hatua ya mbele. Vitoto hivyo vilikua haraka kupita kawaida.

Binadamu hana mfuko, lakini maziwa yake nayo hubadilika. Dang'a hutoka siku chache za mwanzo, kidogo kidogo, kwa kadiri ya tumbo dogo la mtoto, nayo imejaa kinga na vitamini A. Baadaye maziwa huongezeka, na baada ya majuma mawili hivi huwa yamekomaa. Hata katika kunyonya mara moja, huanza mepesi ya kukata kiu na kuishia mazito yenye mafuta, ndiyo sababu haifai kumbandua mtoto ziwa kabla hajatosheka. Maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya siku zake huwa na protini zaidi katika majuma ya kwanza, kana kwamba mwili umepata habari. Watoto wa namna hiyo hufungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mtindo ulioanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na kupewa jina la kangaruu.

Maziwa ya ng'ombe, hata yawe matamu namna gani, yamepangwa kwa ajili ya ndama, ambaye huongeza uzito wake mara mbili kwa muda wa mwezi mmoja na nusu hivi. Mtoto wa binadamu huhitaji miezi mitano hivi. Protini yake ni mara tatu ya ile ya maziwa ya mama, mzigo mkubwa kwa figo changa, na yaweza kuuchubua utumbo wa mtoto ukavuja damu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto awekwe ziwani katika saa ya kwanza, anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aanzishiwe uji na vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Na ile bilauri ya maziwa ya ng'ombe ambayo bibi amekwisha kuichemsha isimwagwe. Apewe mzazi mwenyewe, anywe yangali moto.