Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Data: Tulibonyeza, Hatukuridhia

Kwa Bi. Immaculate Kassait,
Kamishna wa Ulinzi wa Data,
Nairobi.

Mheshimiwa Kamishna,

KUH: MASHARTI YA WHATSAPP YA 2021

Nakuandikia kutoka Laiser Hill, Kaunti ya Kajiado. Huku kwetu na kule Kitengela, mtaa unaendeshwa kwa WhatsApp. Boza la maji likikaribia, habari hupita kwenye grupu kabla ya honi kusikika. Pesa za walinzi huitishwa humo, zamu za chama hupangwa humo, na picha ya ng'ombe wa kuuzwa kwenye soko la Bisil humfikia mnunuzi siku mbili kabla ya ng'ombe mwenyewe. Mimi ni katibu wa grupu la wakazi, kazi isiyo na mshahara wala shukrani, na ndiyo sababu nayakumbuka vizuri mabishano ya Januari 2021.

Nawe utakuwa unayakumbuka, maana ulikuwa umeapishwa Novemba 2020 na ofisi yako haijatimiza hata miezi miwili. Tarehe 4 Januari WhatsApp ilianza kuwaonyesha watu tangazo la masharti mapya ya faragha: uyakubali kabla ya tarehe 8 Februari, la sivyo hutaweza kuendelea kuitumia. Siku tatu baadaye Elon Musk akawaambia wafuasi wake watumie Signal, programu nyingine ya ujumbe. Telegram, mshindani mwingine, nayo ikatangaza kwamba imepata watu milioni 25 wapya ndani ya saa 72.

Kwenye grupu letu mgomo uliletwa na kijana mmoja asubuhi na mapema. Alibandika linki ya Signal na kutuomba sote tuwe tumehamia huko kufikia Ijumaa. Jibu la kwanza lilikuja kabla hajamaliza kueleza: "Hama wewe, sisi tunangoja maji." Vikafuata vicheko vya kutosha. Mwingine akasema hana cha kuficha. Mwingine akasema Facebook, wenye WhatsApp, wakitaka kumjua wamjue mpaka deni lake la dukani, huenda wakamlipia. Mzee mmoja mstaafu akasambaza ule ujumbe wa kale wa tiki tatu, eti ya tatu ikitokea ujue serikali imeshasoma. Halafu mama mmoja, ambaye huwa haandiki kitu isipokuwa kuna msiba, akauliza: "Nikihama, binti yangu aliye Doha atanitumia sauti wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Swali lake ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Wachache walihamia Signal. Wakakaa huko wakitazamana, kwa kuwa boza lilikuwa bado linatangazwa kule walikotoka, na kabla ya mwezi kwisha wakarudi mmoja mmoja kimyakimya. Na kugoma kulikuwa na gharama ambayo wachambuzi wa Nairobi hawakuitaja sana. Kampuni za simu zilikuwa zikiuza bando za WhatsApp pekee kwa bei nafuu. Mtu aliyenunua bando la aina hiyo angeweza kuandika kutwa bila wasiwasi. Akifungua Signal, data yake ya kawaida inaliwa. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo aliambiwa ailipie faragha yake kila siku. Telegram nayo, waliyoikimbilia wengine, tumeiona ikikwama wakati wa mitihani ya KCSE 2023 na 2024. Mtu ahamie wapi?

Niseme pia kwamba wagomaji walikosea shabaha. Wengi waliamini kwamba Facebook ingeanza kusoma jumbe za mke na mume. Haikuwa hivyo. Mazungumzo ya mtu na mtu yalikuwa yakilindwa kwa usimbaji tangu 2016, na masharti mapya hayakuyagusa. Mapya yalihusu hasa mazungumzo yetu na biashara. Lakini nyuma yake kulikuwa na jambo la zamani zaidi. Tangu Agosti 2016 WhatsApp imekuwa ikiipa Facebook taarifa kutuhusu: nambari ya simu, aina ya simu, jinsi tunavyoitumia. Wakati ule watumiaji walipewa siku 30 za kukataa sehemu ya mpango huo. Mwaka 2021 hata siku moja hatukupewa. Waliokuwa Ulaya waliwekewa masharti tofauti na yetu, kwa sababu sheria yao ina meno. Walichosema wagomaji kilikuwa na makosa mengi, lakini kilichowauma kilikuwa cha kweli.

Tena wagomaji hao waliochekwa ndio waliotupatia nafuu. Katikati ya Januari WhatsApp ilisogeza siku ya mwisho hadi 15 Mei. Mwisho wa Mei ikasema haitawapunguzia huduma wale ambao hawajakubali. Hayo hayakutokana na huruma. Yalitokana na wale waliotoka kwa kishindo, wengi wao katika nchi tusizowahi kuzikanyaga. Tatizo ni kwamba habari hiyo ya pili haikufika mtaani. Tangazo lilikuwa limejitokeza mara nyingi mno, na mtu anayetafuta nambari ya fundi wa bomba saa mbili usiku habishani na skrini. Tulibonyeza. Hakuna aliyetuambia baadaye kwamba tungeweza kuacha.

Oktoba 4 mwaka huohuo ndipo nilipoelewa jinsi tulivyofungwa. Jioni ile WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa muda wa saa sita hivi, na mimi nikabaki kupiga simu nyumba moja baada ya nyingine, nambari nyingine sina, kwa sababu zote niliziacha kwenye grupu.

Sasa, Mheshimiwa Kamishna, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaeleza ridhaa vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kifungu cha 32 kinamtwika mwenye kuchukua data mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu aliridhia. Kinasema pia kwamba katika kupima kama ridhaa ilitolewa kwa hiari, itazamwe kama huduma ilifungamanishwa na data isiyohitajika kwa huduma yenyewe. Je, WhatsApp ilihitaji kuipa Facebook taarifa zangu ili kunifikishia habari za boza? Na kama haikuhitaji, kubonyeza kwangu kulikuwa ridhaa ya aina gani? Sheria inawahusu hata walio nje ya Kenya, mradi data ni ya watu walio hapa. Inakuruhusu kuchunguza kwa hiari yako, bila kungoja mlalamishi.

Nigeria walifanya hivyo. Tume yao ya ushindani na ulinzi wa watumiaji ilianza na masharti hayahaya ya 2021, ikachunguza kwa miaka, na Julai 2024 ikaitoza Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, faini ya dola milioni 220. Meta ilikata rufaa, na Aprili 2025 mahakama maalumu ikaiacha faini pale pale.

Kwetu hata ukishinda, utashinda nini? Kifungu cha 63 kinaweka kikomo cha faini: shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Meta iliingiza zaidi ya dola bilioni 130 mwaka 2023. Kwa kampuni hiyo, kikomo ni milioni 5 za Kenya, fedha ambazo Kitengela zinakununulia ploti karibu na lami na pengine msingi wa nyumba. Septemba 2023 ofisi yako iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini ilistahili, silalamiki. Lakini shule ya Uthiru imetozwa kiasi kinachokaribia kikomo ambacho faini ya Meta haiwezi kupita, hata kosa lake likiwa kubwa mara elfu zaidi.

Ninachoomba si kikubwa. Fungua uchunguzi juu ya masharti ya 2021, na uanze na kifungu cha 32. Itake WhatsApp iwaeleze Wakenya, ndani ya WhatsApp yenyewe, ni data ipi inakwenda Facebook na ni ipi wanayoweza kuikataa. Halafu nenda Bungeni ukaombe neno "kidogo" katika kifungu cha 63 ligeuzwe kuwa "kikubwa". Na usikawie, maana sheria imekupa muhula mmoja tu wa miaka sita, na hauongezwi.

Usidanganyike na utulivu. Juni 2025, WhatsApp ilipotangaza kuingiza matangazo ya biashara kwenye sehemu ya Status, nilingoja kelele kwenye grupu. Hazikuja. Yule kijana wa Signal aliweka alama ya kucheka, akaendelea kuuliza kuhusu taka. Watu hawajaridhika, wamechoka kugoma mahali ambapo mlango wa kutokea haupo, na mwenye uwezo wa kuujenga ni ofisi yako.

Malalamiko rasmi nitayaleta pia, maana sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Yatakuwa kwa jina langu peke yangu. Nilipoomba sahihi kwenye grupu, wengi waliuliza kwanza kama WhatsApp zao zitafungwa.

Wako mwaminifu,
Katibu wa grupu la wakazi,
Laiser Hill, Kajiado.