Uvira: soko la jioni linalipishwa kila siku, lakini halina karatasi

Saa kumi na moja jioni, ukitoka Mulongwe kuelekea Kalundu, barabara ya taifa namba tano inakuwa nyembamba. Kando zote mbili wamama wametandika shitingi chini: ndagala, nyanya, sombe, makala kwenye vifuko vidogo, maandazi. Malori ya kwenda Baraka na Fizi yanapita karibu kabisa na vikapu, na pikipiki zinapenya katikati. Kabla jua halijaingia nyuma ya milima, mtoza kodi amekwisha kupita na jetoni zake. Halafu wanaweza kuja wengine, wenye sare, kuwaambia wamama walewale kwamba kuuza pale ni marufuku, waondoe vitu au watoe kitu kidogo.

Hapo ndipo penye neno. Pale ambapo serikali inakusanya pesa, serikali inajua kuna soko. Haiwezi kulijua saa kumi na mbili na kulisahau saa moja usiku.

Wengi waliokaa kandokando ya barabara hawakuchagua pale. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubeba maelfu ya nyumba, pamoja na biashara zilizokuwa ndani yake. Baadaye ziwa nalo likapanda, na mwaka 2024 likapanda tena, maji yakaingia mpaka katika nyumba za karibu na ufuko na bandarini Kalundu. Ongeza familia zilizoshuka kutoka milima ya juu na zile za bonde la Ruzizi kwa sababu ya vita. Mama wa namna hiyo hana meza katika soko kuu, wala hana pesa ya kuilipia. Ana beseni moja, na wateja wake ni watu wanaorudi kazini jioni wakitafuta mboga ya siku hiyohiyo. Ukimpeleka ndani ya soko saa nne asubuhi, hawezi kuuza.

Wakubwa wanaposema wauzaji hawa hawana karatasi, ni vizuri kuwauliza: karatasi gani? Ipo patente, inayotokana na sheria ya biashara ndogo ya 1979, ambayo Mkongo mwenye biashara ndogo anainunua kwa mwaka. Ipo jetoni ya kila siku, ambayo ni kodi ya kutandika. Hizi mbili zinajulikana. Ya tatu, ile inayosema kwamba kundi hili la wauzaji linaruhusiwa kuuza katika avenue hii, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, ndiyo ambayo mama wa ndagala hajawahi kuonyeshwa, na ndiyo anayofukuziwa kila siku.

Sheria ya mwaka 2008 juu ya miji na komine inazipa komine kazi ya kupanga na kuangalia masoko yake. Kazi hiyo imewekewa baraza la madiwani waliochaguliwa. Uvira imepewa jina la mji kwa amri ya 2013, lakini mwezi wa kumi na mbili 2023 madiwani wa komine walipigiwa kura katika miji mikuu ya majimbo tu, na Uvira haikuwa kati yake. Kwa hiyo muuza nyanya hana diwani wa kumlilia. Ana mkuu wa komine aliyeteuliwa, shefu wa mtaa, na nyumba kumi. Ni kweli kwamba bila baraza mambo mengine hayawezi kupitishwa. Lakini kubandika bei ya jetoni ukutani hakungoji kura ya mtu yeyote.

Sherehe za mtaani zina shida inayofanana. Kiangazi ni majira ya ndoa, na viwanja vya nyumba zetu ni vidogo. Hema linawekwa barabarani, viti vinapangwa, spika zinafunguliwa, avenue inafungwa. Matanga vilevile. Katiba, katika ibara ya 26, inataka wanaopanga maandamano njiani au mahali pa wazi wamjulishe mkubwa wa serikali kwa maandishi. Kumjulisha, basi. Kama maandamano ya siasa yanatakiwa barua tu, ni vigumu kuelewa kwa nini familia yenye harusi ya watu mia moja izungushwe kati ya ofisi tatu, na kila ofisi iwe na bei yake ya mdomo.

Kufunga njia ni jambo lingine, na hapo wenye harusi nao wasikilize. Avenue si uwanja wa mtu. Mgonjwa anabebwa kwa pikipiki usiku, mjamzito anashikwa na uchungu, mtoto ana mtihani kesho. Kuna watu wanaopiga muziki mpaka alfajiri kwa sababu tu walimlipa mtu fulani, na jirani akilalamika anaambiwa "tuko na ruhusa". Ruhusa isiyoandikwa inamnyima jirani haki yake kama inavyomnyima mwenye sherehe. Ingekuwa kwenye karatasi, jirani angesoma: mwisho saa nne usiku. Angekuwa na kitu cha kuonyesha.

Waliokaa Nyarugusu au waliopita Kigoma wanakumbuka jinsi Tanzania ilivyojaribu. Mwezi wa kumi na mbili 2018, Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo: shilingi elfu ishirini kwa mwaka, bei moja kwa nchi nzima, na aliyenacho asisumbuliwe na ushuru mwingine mdogomdogo. Wamachinga wengi walipumua. Lakini kitambulisho kilisema nani anauza, hakikusema wapi. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia, wamachinga waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, na kile kitambulisho hakikuwasaidia kubaki pale walipokuwa. Uvira isikosee hapohapo. Karatasi yenye jina la muuzaji bila jina la mahali haifiki mbali.

Karatasi inayofaa ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye mhuri wa komine. Iandike avenue, siku, saa ya kuanza na ya kufunga, upana wa njia utakaobaki wazi, nani atafagia, na bei yake. Itolewe kwa kikundi, si kwa mtu mmojammoja, maana mama wa beseni moja hawezi kupanda ngazi za ofisi kila wiki. Na iwafunge wote wawili. Kipindupindu hakigeni Uvira. Mahali penye watu mamia kila jioni bila choo wala bomba la maji ni hatari, na wanaopokea jetoni pale wanalijua hilo. Komine ikitia mhuri, ijue imekubali pia kuleta maji na kuondoa takataka.

Wenye meza katika soko kuu watakataa, nao wana sababu. Wanalipia mahali, wanafunga jioni, halafu wanakuta wateja wamekwisha kununua nje. Malalamiko yao yasidharauliwe. Lakini jibu lake ni saa: soko la barabarani lifunguliwe jioni tu, wakati soko kuu linafungwa, na lisikae mbele ya mlango wake. Tena litoke kwenye lami. Avenue za ndani zipo, na gari hazipiti nyingi. Kumwacha mama akiuza hatua moja kutoka kwenye gurudumu la lori, kwa kuwa hapo ni rahisi kumtoza, ni aibu ya wanaotoza.

Kwa sasa, wakati karatasi hiyo haijatoka, wenye ndoa au soko la mtaa wanaweza kufanya jambo moja. Waandike barua kwa mkuu wa komine, nakala kwa shefu wa mtaa na nyingine kwa polisi, wakitaja tarehe, avenue, saa ya mwisho na jina la mtu wa kuitwa kukiwa na shida. Wabaki na nakala moja, na wasiondoke ofisini kabla haijapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakiombwa pesa, waombe risiti palepale, mbele ya watu. Na nakala hiyo isikae nyumbani kabatini: mwenye zamu jioni ile awe nayo mfukoni, ndani ya plastiki, kwa sababu ya mvua na mikono ya ndagala.