VIBARUA WA BARABARA WAAMBIWE KILICHOMO SANDUKUNI

Kila apitaye Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa inapopita barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, ajua uzito wa malori ya njia ile. Barabara ya namna hiyo haina budi kutengenezwa tena na tena, na watengenezaji ni vijana wetu wenye sururu na makoleo.

Katika kazi hiyo hutumika kisanduku chenye fimbo ya chuma. Mafundi hukiweka juu ya udongo wapate kujua kama umeshindiliwa sawasawa. Nchani mwa fimbo mna sesiamu-137, na tumboni mwa kisanduku amerisiamu-241. Mionzi yake haionekani, hainuki wala haichomi papo hapo. Kisanduku kikiwa kizima na kikishikwa na aliyefundishwa, hatuna ugomvi nacho.

Sisi twasema juu ya siku kitakapoharibika. Tope huingia kwenye kifuniko kisifunge. Fimbo hupinda isirudi ndani. Au rola hurudi nyuma likakiponda. Siku hiyo bwana injinia huenda yuko mjini. Aliye karibu ni kibarua, naye kwa moyo mwema atataka kukiokota au kuinyoosha fimbo kwa nyundo. Nani amemwambia asifanye hivyo?

Yapasa ajue kuwa rola lisimame pale pale lilipo, maana vipande vyaweza kunasa katika gurudumu lake. Dereva ashuke, lakini asiende zake mpaka apimwe. Watu wote warudi nyuma, mita 5 au zaidi, mmoja alinde pasikaribiwe, na aitwe mtu wa usalama wa mionzi mwenye chombo cha kupimia. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi hupungua ikawa robo. Dawa hiyo hainunuliwi.

Haya si hadithi za kutishia watoto. Huko Mohammedia, Moroko, mwaka 1984, chembe ya iridiamu ilichomoka katika chombo cha kupigia picha viungo vya chuma. Mpita njia akakiokota kile kijichuma akaenda nacho nyumbani. Watu 8 wakafa. Australia, Januari 2023, kidonge cha sesiamu cha milimita 8 kilidondoka garini baada ya mtikisiko kulegeza kipimio cha mgodini. Serikali ikakitafuta katika barabara ya kilomita 1,400 mpaka ikakiona tarehe 1 Februari. Na sisi wenye barabara hii tufikirie malori yetu.

Wako watakaosema kuwa kibarua akielezwa atakimbia kazi. Hilo ni dharau tupu! Mtu anayeweza kuchimba mtaro kutwa juani aweza kuelewa neno la hatari akiambiwa kwa lugha yake. Atakayekimbia ni yule atakayesikia baadaye kwamba alifichwa.

Nchi inayo Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2003, na kazi yake ni kusimamia vyombo hivi. Twaitaka, pamoja na makandarasi, ihakikishe kwamba kabla kisanduku hakijashushwa garini, kila kibarua, dereva na mlinzi ameelezwa kwa Kiswahili cha kawaida, na namba ya simu ya kuita imeandikwa kwa Kiswahili juu ya sanduku lenyewe. Karatasi ya Kiingereza iliyofungiwa katika kabati la ofisi haitamfikia mwenye sururu.