Yanayosemwa Zuzu kuhusu haki za wenye ulemavu

Katika kata ya Zuzu, magharibi mwa Jiji la Dodoma, ukitaja msaada wa serikali kwa watu wenye ulemavu utapata majibu ya aina mbili. Wapo wanaosema hakuna kitu, ni maneno ya majukwaani. Wapo wanaosema kila kitu ni bure, ila viongozi wanaficha. Majibu yote mawili yanawaumiza watu walewale. Aliyeamini la kwanza hakanyagi ofisini. Aliyeamini la pili anakwenda kudai kisichokuwepo, anarudi na hasira, na hafuatilii tena hata kile kilichopo. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, kwa hiyo hili si jambo la nyumba moja au mbili. Ngoja niyajibu madai ninayoyasikia mara kwa mara.

La kwanza linahusu mkopo wa halmashauri. Inasemwa kwamba ile asilimia mbili ni ya vikundi vikubwa vya mjini, na mtu mmoja wa Zuzu mwenye ulemavu hata akiomba hapati. Si kweli. Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika kila shilingi bilioni 1 ya mapato hayo, milioni 20 ni za watu wenye ulemavu. Zuzu iko ndani ya Jiji la Dodoma, na fedha za jiji ni za Zuzu kama zilivyo za Majengo au Area C. Kuhusu ukubwa wa kikundi, marekebisho ya kanuni ya 2021 yalishusha idadi hadi watu wawili kwa wenye ulemavu, na yakafungua mlango kwa mtu mmoja mmoja pia.

Najua dai hili lilipata nguvu kutoka wapi. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Watu waliokuwa na maombi mkononi waliambiwa wasubiri, na wengi wakahesabu kuwa imekwisha. Haikwisha. Ilirejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma likawa kati ya halmashauri 10 zilizochaguliwa kuanza kutoa mikopo hiyo kupitia benki. Aliyekataliwa au kukwama mwaka ule arudi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Asiende mikono mitupu. Watu wawili wanaotaka kufuga kuku, tuseme mmoja haoni na mwenzake anatembea kwa magongo, wawe wameshaandika banda litagharimu kiasi gani, vifaranga wangapi, chakula cha miezi mingapi, watauza wapi, na marejesho yatatoka katika mauzo yapi. Karatasi moja yenye hesabu za kweli inamsaidia afisa kukutetea kwenye kikao cha kamati kuliko maelezo marefu ya shida zako.

Hapo hapo kuna dai dogo linalofuatana na hilo, kwamba hela ile ni ya bure na hairudishwi. Inarudishwa. Kilichoondolewa ni riba. Anayemshauri mwenzake asirejeshe anamnyima mkopo mtu mwingine mwenye ulemavu anayesubiri zamu yake.

Dai la pili ni kwamba mtu mwenye ulemavu halipi hospitali. Hapa natamani wasemao wangekuwa sahihi, lakini hawako sahihi. Misamaha ya matibabu inayofahamika ni ya watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na magonjwa kadhaa kama kifua kikuu na UKIMWI. Ulemavu peke yake haukufungulii dirisha la dawa. Kinachokufungulia ni kuthibitika kuwa huna uwezo wa kulipa, na kazi hiyo ni ya afisa ustawi wa jamii, ukiwa na barua ya mtendaji wa kata anayekufahamu. Barua hiyo ifuatilie kabla hujaugua. Mgonjwa aliyelala kwenye benchi la mapokezi hawezi kuanza kumtafuta mtendaji wa kata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na watakaofaidika ni wale ambao majina yao yametambuliwa. Kwa hiyo jina lako kuwepo kwenye orodha ya mtaa ni jambo la kulisimamia mwenyewe.

Kipo kitu kimoja cha bure ambacho watu wenye ualbino wa huku kwetu wanakihitaji kila siku: mafuta ya kukinga ngozi. Moshi yanatengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili yao, na yanagawiwa bila malipo kupitia kliniki. Jua la Dodoma halina huruma, na saratani ya ngozi inawaua watu hawa wakiwa bado vijana. Ulizeni kwenye kituo cha afya na kwenye Chama cha Watu Wenye Ualbino. Losheni ya dukani ya kulainisha ngozi haifanyi kazi hiyo.

Kuhusu nauli sina mengi. Punguzo linalojulikana kwenye daladala ni la mwanafunzi. Konda anayempandisha mtu wa kitimwendo bila kumtoza anafanya kwa moyo wake, na nampongeza, lakini usitoke nyumbani bila nauli.

Dai jingine husemwa na wenye ndugu walio nje ya nchi: wakituma kitimwendo au gari, forodha itakula hela yote. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, pamoja na gari moja. Kosa linalofanyika ni la mpangilio. Watu wanaleta mzigo kwanza, ndipo wanaomba msamaha, na huku gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zinapanda. Maombi kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) yatangulie, yakiwa na uthibitisho wa daktari kuhusu ulemavu wenyewe, kisha mzigo ufuate.

Halafu kuna wazazi wanaoambiwa kuwa kumsomesha mtoto asiyeona au kiziwi ni gharama ya matajiri, kwa hiyo abaki nyumbani. Dai hili ndilo linalonichoma zaidi kuliko yote. Shule ya wasioona Buigiri, wilayani Chamwino, mkoa huuhuu, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Zaidi ya miaka 70 watoto wamekuwa wakijifunza pale nukta nundu, wakibonyeza mashine kwenye karatasi nene hadi nukta zinainuka, kisha wakisoma kwa ncha za vidole. Dodoma ina shule ya viziwi pia. Ada iliondolewa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita. Kwa aliyevuka umri wa darasani, serikali ina vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kimojawapo ni cha Sabasaba, Singida, si mbali na sisi. Anayekwenda chuo kikuu ajaze fomu ya kuthibitisha ulemavu, iliyosainiwa na mganga, katika maombi yake kwa Bodi ya Mikopo, kwa sababu inahesabika wakati wa kupanga nani apewe. Na ukijua mtoto amefichwa ndani, piga 116. Simu hiyo ya kusaidia watoto haitozwi.

Sasa walezi. Dai linasema mlezi hana chake, na anayemtunza wa kwake hastahili kulipwa. Nusu ya kwanza ina ukweli mchungu: Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi kwa mama anayemlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mama huyo anamgeuza mtoto usiku ili asipate vidonda, anamlisha uji kijiko kwa kijiko akihofia asipaliwe, na msimu wa kilimo shamba lake la alizeti linabaki na magugu kwa sababu hana wa kumwachia. Hiyo ni kazi, ina saa na ina uchovu.

Lakini si kweli kwamba hakuna popote mlezi anapotambuliwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza 2015, unalipa aliyeumia kazini, na kati ya mafao yake kuna malipo kwa anayemhudumia mgonjwa ambaye hawezi tena kujihudumia. Vijana wengi wa Zuzu wamefanya vibarua kwenye reli, kwenye kituo cha kupozea umeme na kwenye majengo ya serikali mjini. Aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika uti wa mgongo asiishie kupewa pole na mkandarasi. Mwajiri ndiye anayechangia mfuko huo, asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi hakatwi kitu. Taarifa itolewe mapema, ndani ya miezi 12 tangu ajali. Familia nyingi huanza kuuliza muda ukiwa umeshapita.

Na wanaosema nchi zetu maskini haziwezi kuwalipa walezi waangalie Kenya. Mpango wa Inua Jamii unatoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na mlezi ndiye anayezipokea kwa niaba yake. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa na mwenye ajira kule hatozwi kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Hela ya Inua Jamii ni ndogo, naam, lakini imeandikwa kwenye bajeti, na sisi tuna wabunge wa kuwauliza kwa nini yetu haimo.

La mwisho ni la kuandikishwa. Kuna watu wanapita wakisema ukitoa elfu kumi au ishirini wanakuingiza kwenye orodha ya wenye ulemavu au wanakupitishia mkopo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na kuandikishwa jina hakuuzwi. Mkiombwa hela, ulizeni jina na ofisi ya anayeomba, kisha pigeni TAKUKURU, namba 113, bila malipo, mkiwa bado mnakumbuka sura yake na siku aliyokuja.