Kinyozi Hajinyoi: Funzo la Bunge Lililokataa Kurudi kwa Wapiga Kura

Wako wanaodhani kwamba mfalme akiondoka, udhalimu nao huondoka. Sisi hatukubali. Twasema kwamba utawala wa haki haujengwi kwa kumwondoa mtu mmoja kitini tu. Hujengwa kwa kuweka siku maalumu ambayo kila aliyekabidhiwa madaraka hana budi kurudi kwa waliomkabidhi, apende asipende.

Ushahidi wetu tunautoa Uingereza ya karne ya 17, nchi ambayo tangu 1649 hadi 1660 ilijaribu kujitawala bila mfalme. Hatuendi mbali bure. Bunge la Kenya lilirithi huko kiti cha Spika, kanuni ya akidi, miswada inayosomwa mara tatu, na hata siwa inayotangulia mbele ya Spika. Mrithi wa nyumba yafaa aujue ufa uliopata kuibomoa.

Bunge tunalolisimulia liliitishwa tarehe 3 Novemba 1640, baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kutawala miaka 11 bila Bunge lolote. Wabunge walijua kwamba mfalme akikasirika angeweza kuwatawanya tena. Kwa hiyo, Mei 1641, wakapitisha sheria kwamba Bunge hilo lisivunjwe ila kwa ridhaa yake lenyewe. Siku ile sheria hiyo ilikuwa ngao ya wananchi. Hakuna aliyeona kwamba ngao hiyohiyo ingegeuka kuwa kufuli, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa waliomo ndani.

Vita kati ya mfalme na Bunge vilianza 1642. Mfalme aliposhindwa, wabunge wengi walitaka kupatana naye, lakini jeshi halikutaka. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1648, Kanali Thomas Pride alisimama mlangoni pa Bunge akiwa na askari na orodha ya majina. Zaidi ya wabunge 40 walikamatwa, na wengine zaidi ya 100 wakazuiwa kuingia. Waliosalia walikuwa wachache kuliko nusu ya Bunge lililochaguliwa. Baadaye watu waliliita kwa kejeli Bunge la Mabaki.

Mabaki hayo, tarehe 4 Januari 1649, yalitoa tamko zuri kupita kiasi: kwamba wananchi, chini ya Mungu, ndio chimbuko la mamlaka yote ya haki, na kwamba wawakilishi wao Bungeni ndio wenye mamlaka ya juu. Tarehe 30 Januari mfalme akakatwa kichwa. Mwezi Machi ufalme ukafutwa, na Baraza la Malodi nalo likafutwa. Tarehe 19 Mei Uingereza ikatangazwa kuwa jamhuri na dola huru.

Tutazame sasa jinsi jamhuri hiyo ilivyoendesha shughuli zake, maana hapa ndipo penye funzo.

Mahali pa mfalme na washauri wake, Bunge liliweka Baraza la Dola lenye watu 41, kuanzia Februari 1649. Baraza lilikabidhiwa majeshi ya nchi kavu na ya majini, biashara, na mahusiano na mataifa ya nje. Lilipewa pia uwezo wa kuwafunga watu wanaohatarisha dola. Muda wake ulikuwa mwaka mmoja tu, na kila mwaka Bunge lilipaswa kulichagua upya. Majina yalipigiwa kura moja baada ya jingine, na maofisa wawili wenye nguvu, Henry Ireton na Thomas Harrison, wakakataliwa. Mwandishi wa Baraza kwa lugha za kigeni alikuwa John Milton, mshairi mashuhuri.

Kwa sura yake mpango huu ulikuwa mwema. Uchaguzi wa Februari 1650 uliwarudisha karibu wote wa zamani, na minong'ono ikaanza. Kwa hiyo mwaka 1651 Bunge likaweka kanuni: kati ya wajumbe 41, wale 21 tu wa zamani wabaki, na wapya 20 waingie. Kura zilipigwa kwa karatasi zenye majina, zikakusanywa na kuhesabiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaamuliwa pia kwamba hakuna mwenyekiti wa Baraza atakayekaa zaidi ya mwezi mmoja. John Bradshaw, jaji aliyeongoza kesi ya mfalme na aliyekuwa rais wa Baraza tangu 1649, akakiacha kiti cha kudumu. Ni nchi ngapi za leo zinazoweza kujivunia kanuni kali kama hizo?

Lakini tuulize: nani aliyechagua, na nani aliyechaguliwa? Waliochagua walikuwa wabunge. Waliochaguliwa, wengi wao, walikuwa wabunge walewale. Baraza lilipaswa kutoa hesabu mbele ya Bunge, nao wanabaraza wakaketi Bungeni kuipokea hesabu yao wenyewe. Akidi ya Bunge ilikuwa wabunge 40, nalo Baraza lilikuwa na watu 41, na siku nyingi mahudhurio Bungeni hayakuzidi sana 50 au 60. Hata mtoto wa shule ataona kwamba Baraza likikubaliana jioni, Bunge lilikuwa limekwisha kuamua kabla ya asubuhi. Siku ya kulichagua Baraza ukumbi ulijaa wabunge zaidi ya 100. Siku ya kushughulikia kilio cha mkulima, viti vilikuwa vitupu.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Jamhuri ile ilizungusha wembe kutoka mkono hadi mkono, lakini mikono yote ilikuwa ya watu wa nyumba moja. Zamu ya vyeo miongoni mwa wateule wale wale si uchaguzi. Ni kubadilishana viti mezani ilhali wenye chakula wamefungiwa nje.

Haikuwa kwamba wananchi hawakulia. Kundi lililoitwa Levellers, yaani Wasawazishaji, lilikuwa limetoa hoja zake tangu 1647, pale askari wa kawaida na makamanda wao walipojadiliana katika kanisa la Mtakatifu Maria huko Putney juu ya nani astahili kura. Tarehe 1 Mei 1649, John Lilburne na wenzake watatu, wakiwa wafungwa katika Mnara wa London, walitoa katiba waliyoitunga. Walitaka Bunge la watu 400 linalochaguliwa kila mwaka, akidi yake isipungue 200, na mtu asikae vipindi viwili mfululizo. Hawakuwa malaika. Kura yao haikuwafikia watumishi wala wanawake. Hata hivyo walitambua kwamba zamu ya kweli ni ile inayomrudisha mbunge kijijini kwake.

Wakajibiwaje? Wanawake waliopeleka ombi Bungeni mwaka huo kutetea wafungwa hao waliambiwa warudi nyumbani. Askari walioasi kwa ajili ya hoja hizo walifungiwa katika kanisa la Burford, na tarehe 17 Mei 1649 watatu wao wakapigwa risasi uani mwa kanisa hilo. Siku mbili baadaye ndipo nchi ikatangazwa kuwa dola huru. Wakristo wenzetu, tulikumbuke hilo kila tunapoambiwa kwamba kanisa halihusiki na siasa. Siasa ilikwisha kuingia kanisani ikiwa na bunduki.

Hatutaki kuwanyima wabunge wale haki yao. Mwaka 1650 waliondoa adhabu kwa mtu asiyehudhuria kanisa la parokia yake, mradi awe anaabudu mahali pengine. Mwaka huohuo waliamuru vitabu vya sheria na kesi za mahakama ziwe katika Kiingereza, lugha ya watu, badala ya Kilatini na Kifaransa cha mawakili. Nasi ambao wazee wetu walihukumiwa kwa lugha wasiyoielewa twaijua thamani ya jambo hilo. Lakini uhuru wao haukuvuka bahari: mwaka 1649 jeshi lao liliua watu bila huruma Drogheda na Wexford huko Ayalandi, na damu ile haioshwi na sheria nzuri za London.

Wako watakaowatetea. Watasema kwamba uchaguzi huru mwaka 1649 ungewarudisha wafuasi wa mfalme, kwamba Uskoti na Ayalandi zilikuwa zinawaka, na kwamba nyumba ikiungua haiitishwi mkutano. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana hatari ilikuwa ya kweli. Basi tuipime kwa tarehe. Tarehe 3 Septemba 1651 jeshi la mwisho la wafalme lilivunjwa Worcester. Hofu ikaisha. Je, uchaguzi uliitishwa? Tarehe 14 Novemba Bunge lilipiga kura iwapo wakati umefika wa kutaja siku ya kuvunjwa kwake. Walioafiki walikuwa 49, waliopinga 47. Kisha siku iliyotajwa ikawa tarehe 3 Novemba 1654, miaka 3 mbele!

Ripoti ya kugawa viti upya ilikuwa imeletwa na Sir Henry Vane tangu Januari 1650. Ilitaka viti 400 vigawanywe kwa haki zaidi, kwani jimbo la Cornwall pekee lilikuwa na viti 44 ilhali miji mikubwa haikuwa na hata kimoja. Lakini ripoti hiyohiyo ilitaka wabunge waliopo wabaki na viti vyao bila kupigiwa kura. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Mswada ukajadiliwa, ukaahirishwa, ukajadiliwa tena. Aliyezoea kiti hakosi sababu ya kutoinuka: jana ilikuwa vita, leo ni mipaka ya majimbo, kesho ni sensa.

Mwisho wao waujua. Tarehe 20 Aprili 1653, siku mswada huo ulipokuwa mezani, Oliver Cromwell aliingia Bungeni, akaketi, akasikiliza, kisha akasimama na kuwatukana wabunge mmoja mmoja. Akaita askari. Spika William Lenthall akateremshwa kitini. Siwa ikaondolewa kama kitu cha mchezo. Mswada wenyewe Cromwell akauchukua, na hadi leo nakala yake haijaonekana. Alasiri alikwenda kulivunja Baraza la Dola. Bradshaw akamwambia usoni kwamba hakuna mamlaka chini ya mbingu yawezayo kulivunja Bunge ila Bunge lenyewe. Lilikuwa neno la ujasiri, na kwa sheria ya 1641 lilikuwa kweli. Lakini nani angeinuka kulitetea? Wananchi hawakutoka nje. Bunge lililokaa miaka 12 bila kuwauliza lolote halikuwa lao tena.

Yaliyofuata tuyapite upesi. Julai 1653 likaja Bunge la watu 140 wacha Mungu walioteuliwa na wakuu wa jeshi, si kuchaguliwa na raia, nalo likajiuzulu Desemba. Utakatifu wa walioteuliwa haukuziba nafasi ya kura. Cromwell akawa Mlinzi wa Jamhuri hadi kifo chake mwaka 1658. Bunge la Mabaki likarudishwa mwaka 1659, likafukuzwa na jeshi, likarudishwa tena, na Machi 1660 wabunge, pamoja na wale waliozuiwa na Kanali Pride, wakalivunja kwa kura yao wenyewe. Tarehe 29 Mei 1660 mwana wa mfalme aliyekatwa kichwa aliingia London kwa shangwe. Waliomshangilia wengi walikuwa raia walewale ambao jamhuri ilisema ndio chimbuko la mamlaka yote.

Wakenya si wageni wa mambo haya. Mwaka 1966 Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na kwa mageuzi hayohayo ya katiba muda wa Bunge, uliopaswa kwisha 1968, ukasogezwa hadi 1970. Wananchi hawakuulizwa. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama kimoja, kura ya karatasi iliondolewa na watu wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea, mchana kweupe, mbele ya macho ya wakubwa. Ndiyo maana Katiba ya 2010, katika kifungu cha 101, ilitaja siku yenyewe: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kifungu cha 102 kinaruhusu muda huo kurefushwa pale tu Kenya iwapo vitani, kwa kura za thuluthi mbili za wabunge wote katika kila Bunge, na kwa jumla isiyozidi miezi 12. Tarehe hiyo haikuandikwa kwa wino pekee. Iliandikwa kwa jasho la waliofungwa na waliopigwa. Kila atakayekuja na hoja ya kuirefusha, hata awe mwanamageuzi wa jana, tumwulize swali moja: vita viko wapi?

Na tusiishie kunyooshea Bunge kidole. Tukague nyumba zetu. Ziko kamati za parokia ambazo mweka hazina ni yuleyule tangu kanisa kuezekwa. Viko vyama vya ushirika na makundi ya haki za binadamu ambayo wanakamati huchaguana wenyewe kwa wenyewe, kisha huita jambo hilo demokrasia. Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila msomaji wetu aombe kuona katiba ya kundi lake, na asome mambo matatu: muda wa viongozi unakwisha lini, akidi ni watu wangapi, na nani anayehesabu kura. Kama majibu hayamo, yaandikwe. Kama yamo lakini hayafuatwi, asimame aseme.