Mbio za Kulipia Nauli

KAULI YA BARAZANI
Na Maalim Sudi wa Kuze

Kuna watu, enyi wasomaji wangu, watoao fedha nyingi wapandishwe merikebu kubwa yenye vitanda laini, vyakula visivyokatika usiku na mchana, na bahari pande zote nne, kisha, wakiisha kukabidhiwa neema hizo zote, huvaa viatu vya raba wakaanza kukimbia. Hawakimbii moto wala hawakimbii mdai. Wanakimbia kwa kuwa ratiba imesema hivyo, na ratiba yenyewe wameilipia. Juma hili nilikuwa miongoni mwao, katika meli ya watalii itokayo Miami kwenda visiwa vya Bahamas, na nasema mapema, ili yule msomaji wangu wa Likoni anisahihishaye kila Jumamosi asipate taabu ya kunitafutia msimamo, kwamba jambo hili ni ufisadi wa raha, na mwenye kulitunga alistahili kutozwa faini.

Aliyenitia katika mkasa huu ni mpwa wangu, muuguzi huko Florida, ambaye nilikwenda kumzuru nikiwa na nia njema ya kula na kulala. "Mjomba," aliniambia, "twende baharini ukapumzike." Mtu wa Mombasa akiitwa baharini hajiulizi maswali, tena alipoongeza kwamba nauli ameshailipa, wasomaji wa siku nyingi wanajua ya kuwa mbele yangu neno hilo hukata kila shauri. Alilolificha, au tuseme alilolisema kwa sauti ndogo, ni kwamba safari ile ilikuwa ya wakimbiaji: jamaa waliojikusanya wakachukua vyumba kadhaa katika meli ya watu wote, wakaja na mwalimu wao wa mbio, na fulana zao za rangi moja, na nambari za kubandika kifuani, na katika kila bandari wameshaandaliwa mashindano, ambayo kila ayamalizaye, awe wa kwanza au wa mwisho, huvikwa nishani shingoni. Hata siku isiyo na bandari haikusalimika, kwa maana juu kabisa, kwenye staha ya jua, ipo njia nyembamba iliyopakwa rangi ikazunguka, na kibao kiwaelezacho wahusika ni mizunguko mingapi ifanyayo maili moja.

Chumba changu, kwa kudra ya Mola na kwa uchaguzi wa mpwa wangu, kilikuwa chini ya njia hiyo. Kabla ya jua kuchomoza nilisikia kishindo kikipita juu ya dari, kikarudi, kikapita tena, nikadhani mabaharia wanahamisha mizigo. Nikaswali, nikavaa kanzu yangu nyepesi, nikapanda juu kwenda kuitazama bahari kama ilivyo haki ya kila abiria. Sijafika hata ukingoni nikapigiwa ukelele kisogoni: "Kushoto kwako!" Nami, kwa adabu tuliyofundishwa ya kumpisha mwenye haraka, nikahamia kushoto kama nilivyoamriwa, kumbe katika sheria zao yeye ndiye apitaye kushoto, na mimi ilinipasa nibaki kulia. Bwana yule akanigonga bega, akaitazama saa yake ya mkononi kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, akaenda zake bila salamu.

Nikajibana ukingoni. Jua lilikuwa likitoka majini, na upande wa kulia kundi la samaki warukao liliinuka mbele ya wimbi la meli, wakanyoosha mapezi yao, wakaparaza juu ya maji masafa marefu kabla ya kuzama; nikageuka kutafuta wa kumwonyesha, nisione ila visogo. Waliokuwa wakienda tezi walivitazama visogo vya waliowatangulia, na waliokuwa wakirudi omo walizitazama saa zao.

Kubwa kuliko hilo lilikuja mezani, pale mpwa wangu alipotamka kwamba mjomba wake anatoka Kenya. Kimya kikaingia, na baada ya kimya taadhima. Wallahi sijapata kuheshimiwa hivyo hata nyumbani kwangu. Waliniuliza habari za Eliud Kipchoge, aliyeyakimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna mwaka 2019, na za marehemu Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, kana kwamba wote wawili nimewalea mimi. Nikawaeleza kwamba Iten, waliko wakimbiaji, iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, na Kuze, niliko mimi, iko bahari yenyewe. Ya kuwa mbio zangu zote katika umri wangu ni za kuiwahi feri ya Likoni, na hata hizo zilikoma siku goti langu la kushoto lilipoanza yale ambayo wasomaji wa safu hii wameyasoma hata wamechoka. Hawakusadiki. Bibi mmoja akanisogelea akaniuliza, kwa sauti ya siri, asubuhi huwa nala nini. Nikamjibu: mahamri na mbaazi za nazi. Akaandika.

Katika meza ile ile alikuwapo mzee mwenye nishani nyingi, akatusimulia kwa majivuno habari ambayo ni ya kweli: kwamba mwaka 2001 wakimbiaji waliokwenda kwa meli kushindana marathoni katika bara la barafu la Antaktika walizuiwa na hali mbaya ya bahari wasiweze kushuka pwani, nao, badala ya kumshukuru Mungu na kurudi vitandani, wakaikimbia marathoni nzima, kilomita 42 na mita 195, juu ya staha, mamia ya mizunguko. Meli hiyo, jina lake Lyubov Orlova, mwaka 2013 ilikuwa ikivutwa kwenda kuvunjwa, kamba ikakatika, ikapotelea katika Atlantiki haina baharia hata mmoja. Watu huilaumu kamba. Mimi nasema chombo kilichopata kukanyagwa namna ile, kikiona nafasi, hutoroka.

Sababu ya maradhi haya haihitaji tabibu. Hawa ni watu waliolelewa kuona haya wakikaa. Chakula kipo na kimeshalipiwa, lakini hawathubutu kukila mpaka wajiridhishe kwamba wamekistahili: yule bwana aliyenigonga bega alikaa meza ya pili, mbele yake kipande cha keki ya chokoleti, akamweleza mkewe kwamba kipande kile ni halali yake chote kwa kuwa asubuhi amekimbia maili nane, lakini cha mkewe ni halali nusu, kwa kuwa yeye alikimbia nne. Mwaka mzima hupimwa kazini kwa saa. Wakipewa likizo ya juma moja hujipima wenyewe, wasije wakasahau.

Yote hayo ningeyasamehe lau si Nassau. Juu ya mji ule, kilimani, iko ngome iitwayo Fort Fincastle, iliyojengwa mwaka 1793, na njia mojawapo ya kuiendea ni ngazi iliyochongwa ndani ya mwamba wenyewe wa chokaa, kuta zake zimesimama huku na huku zenye unyevu na mimea. Walioichonga ni watumwa, katika miaka ile ile ya mwisho wa karne ya 18, na baadaye ikapewa jina la Malkia Victoria, ambaye hakuchonga hata kidato kimoja. Vidato ni 66, ila cha chini kabisa kimefunikwa na sakafu, basi atazamaye huhesabu 65.

Nilitangulia kwa teksi, nikakaa kivulini na mzee mmoja mwenyeji, ambaye kazi yake ni kuwaeleza wageni habari za mahali pale kwa hisani watakayompa. Alinishika mkono akaupitisha juu ya mwamba, palipo laini na palipo na makovu, akanyamaza; na mtu atokaye pwani yetu, yenye habari zake za minyororo, hahitaji kufasiriwa zaidi. Ndipo wakaja wale wakimbiaji. Walipanda wakihema, wakashuka, wakapanda tena, kwa kuwa mwalimu wao alikuwa ameipanga ngazi ile iwe zoezi la kukaza mapaja. Mzee akajaribu kusema nao, kwa sauti nzuri na maneno aliyoyazoea. Mmoja tu alisimama, akauliza vidato ni vingapi. Akajibiwa sitini na sita, akakiingiza kiasi hicho katika saa yake, akaendelea. Habari za walioichonga hakuuliza. Mwengine akatuomba, mimi na mzee, tusogee kidogo, kwani tulikuwa tumemharibia picha.

Jioni mpwa wangu, nishani ikimning'inia shingoni, alinibusu mkono akasema: "Mjomba, Nassau nimeimaliza!" Kweli ameimaliza, kuiona hajaiona.

Wala msinijibu kwamba muda haukutosha. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu, na usiku huo ulimtosha kueleza kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwamba penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba cha kutekea maji, na kwamba aingiaye huosha miguu kwanza. Karibu karne saba zimepita, na hata leo twajua miguu ya wazee wetu ilivyooshwa. Hawa wenzetu wana kamera mfukoni na ramani mkononi, na watakachokihifadhi juu ya Nassau ni mapigo ya mioyo yao wenyewe.

Yule wa Likoni ataniandikia kwamba mazoezi ni afya. Ni afya, na barabara ya mtaani kwake haina nauli. Na akimbie huko kila alfajiri mpaka mbwa wa jirani wamzoee, kisha siku akipanda meli apande kama abiria. Nayasema haya kwa kuwa meli za watalii hufunga gati Mombasa pia wakati wa kaskazi, na yumkini siku moja mojawapo ikatuletea jamaa hawa na nambari zao vifuani. Wakishuka, waacheni waizunguke Fort Jesus mara wapendazo, na wakiona kiu wauzieni maji, kwa bei ya mgeni. Lakini kahawa msiwape. Kahawa yetu huuzwa kwa waliokaa.